Shingo ya Jogoo Inauzwaje?

Kuku akichinjwa Kanyosha, jijini Bujumbura, manyoya ndiyo ya kwanza kutupwa. Maji ya moto, mikono miwili yenye haraka, na rundo lenye unyevu linasukumwa pembeni kungoja mzoa taka au upepo wa ziwani. Nyama ina mnunuzi, utumbo una mnunuzi, hata miguu ina wateja wake. Manyoya hayana mtu. Lakini katika maduka ya vifaa vya uvuvi huko Marekani na Uingereza, ngozi kavu ya shingo ya jogoo mmoja, isiyo na hata tonge la nyama, yaweza kuuzwa zaidi ya dola 80. Anayeinunua ni mfungaji wa nzi.

Nzi huyo hana uhai. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya, na pengine waya mwembamba, mpaka ifanane na mdudu aliyetua juu ya maji au kisamaki kinachokimbia. Mvuvi huirusha kwa ufito mrefu na kungoja samaki adanganyike. Kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, wanaotoka usiku na taa zao kuwavuta ndagala wavuni, uvuvi huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Hawakosei sana. Ila mchezo huo umezaa ajira Afrika Mashariki, na pa kuitafuta ni Kenya.

Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Samaki wakazoea maji baridi, wakaenezwa katika mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya, na baadaye serikali ikaanzisha kituo cha kuwazalisha Kiganjo, karibu na Nyeri. Palipo na trauti pana wavuvi wa nzi, na penye wavuvi hao lazima apatikane wa kuwafungia. Kazi iliyoanza kwa kuwahudumia walowezi iligeuka kuwa biashara ya kuuza nje. Leo kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake Kenya, na mzee anayevua Uskoti au Montana huenda akawa anatumia nzi aliyefungwa na mikono ya Mkenya ambaye hajawahi kuonja trauti.

Ukimkalia fundi wa kazi hii ukamuuliza siri yake, hatakuonyesha uzi wala ndoana. Atakuonyesha unyoya.

Unyoya una uti katikati, na pande zote mbili za uti huo kuna nyuzi. Karibu na mzizi, nyuzi hushikana zikafanya utando laini unaonyonya maji. Kuelekea ncha huachana, zikawa ngumu na zenye kung'aa. Hapo ndipo bei inapoamuliwa. Nzi wa kuelea anahitaji nyuzi ngumu zisizo na utando, kwa sababu fundi huuzungusha unyoya kwenye shingo ya ndoana hadi nyuzi zisimame kila upande kama miiba ya nungunungu, na ndizo zinazomshikilia juu ya maji. Nzi wa kuzama anataka kinyume chake: nyuzi laini, zilowe upesi, zichezecheze kila maji yanaposogea. Kwa hiyo jogoo hununuliwa kwa ajili ya nzi wa kuelea, na mtetea kwa ajili ya wa kuzama. Anayenunua unyoya kwa kuvutiwa na uzuri wake tu atajikuta na nzi mrembo anayezama pale alipotakiwa kuelea.

Kuupima hakuhitaji chombo. Shika ncha na mzizi, pinda uti polepole. Ukikatika au ukijisokota upande, uache. Kisha kunja unyoya ili nyuzi zisimame, uziguse kwa mdomo. Midomo huhisi ugumu kuliko vidole. Halafu tazama urefu wa nyuzi toka chini hadi juu. Unyoya mzuri una nyuzi za urefu karibu uleule sehemu kubwa ya uti, na kwa nzi wa kuelea urefu huo unapaswa kuwa kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha yake na mti wake. Mgeni akumbuke pia kwamba namba za ndoana hizi huenda kinyume: namba 14 ni ndogo kuliko namba 10.

Kwa nini basi manyoya ya sokoni Kanyosha hayafikii bei ya Marekani? Sababu kubwa ni umri na ukoo. Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki sita hivi, manyoya yake yakiwa bado mafupi na laini. Jogoo wa manyoya hulelewa karibu mwaka mzima, peke yake katika kizimba chake, asipigane na wenzake akaharibu shingo. Na nyuma yake kuna vizazi vya uchaguzi. Henry Hoffman wa Oregon alitumia miongo kadhaa akichagua majogoo wenye mistari ya kijivu na nyeupe, akiwaacha wazaliane wale tu wenye manyoya marefu na membamba. Mwaka 1989 kundi lake likachukuliwa na Tom Whiting, mtaalamu wa jenetiki ya kuku, ambaye shamba lake liko Delta, Colorado. Manyoya ya kiunoni ya majogoo hao, yale yanayoning'inia kabla ya mkia, huweza kufika sentimita 30, na unyoya mmoja ukatosha nzi kadhaa. Shamba hilo huyapanga kwa madaraja, ya shaba, ya fedha, ya dhahabu, na huuza pia vifurushi vidogo vya saizi moja vinavyotosha nzi mia hivi. Kwa anayeanza, kifurushi hicho ni ununuzi wa busara kuliko ngozi nzima, ambayo nusu yake itakuwa na saizi asizozihitaji.

Mwaka 2011 biashara hiyo ilipata kichaa. Wanawake wa Marekani walianza kusukia manyoya ya jogoo kwenye nywele, Steven Tyler wa bendi ya Aerosmith akaonekana nayo kwenye runinga, na saluni zikavamia maduka ya wavuvi. Vifurushi vilivyouzwa kwa makumi ya dola vikafika mamia. Wavuvi walilalamika sana, na ni vigumu kutocheka kidogo ukiwawazia wazee wenye makoti ya mvua wakigombea shingo ya jogoo na wasusi.

Jogoo wa kienyeji naye ana kazi yake. Manyoya yake ni mapana na yana utando mwingi, kwa hiyo usimtarajie kumwelesha nzi mdogo. Lakini kwa mkia wa nzi mkubwa wa kuzama, au mabawa ya kisamaki cha bandia cha kuvulia samaki mla samaki, anatosha kabisa, na bei yake ni kumwomba muuzaji akuwekee manyoya kabla ya kumwaga maji ya moto. Ombi hilo ni muhimu: manyoya yaliyonyonyolewa makavu hubaki na umbo lake kuliko yaliyochemshwa. Kanga wa kufugwa naye hutoa unyoya mweusi wenye madoa meupe ambao wafungaji wa Ulaya wameutumia siku nyingi. Bata ana hazina ndogo kuzunguka tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Vinyoya vya hapo vina mafuta na huelea vyenyewe. Mbuni na tausi hutoa nyuzi za kufunikia mwili wa nzi.

Halafu kuna marabu. Kampala wote wanamjua, yule korongo mrefu mwenye upara anayeshinda kwenye majaa, ambaye Waganda humwita kaloli. Zamani manyoya yake laini ndiyo yaliyotumika, na jina likabaki dukani. Leo ukiagiza marabu utaletewa manyoya ya bata mzinga yaliyotiwa rangi. Mabadiliko hayo yamemwokoa mnunuzi kutoka kwenye matatizo, kwa kuwa unyoya wa ndege wa porini una sheria nyuma yake. Burundi ni mwanachama wa mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kati ya nchi na nchi. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo, mwenye mkia mwekundu unaowatamanisha wafungaji, aliwekwa mwaka 2016 katika orodha inayokataza biashara ya kimataifa ya ndege waliotolewa porini. Korongo taji anatambuliwa duniani kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Muuzaji akikuletea unyoya wa mmoja wao akisema ameuokota, mwache nao.

Tamaa ya manyoya adimu imewahi kufika mahakamani. Juni 2009 kijana wa Kimarekani Edwin Rist, mwanafunzi wa filimbi jijini London, alivunja dirisha la jumba la makumbusho ya viumbe lililoko Tring akaondoka na ngozi 299 za ndege, baadhi zilizokusanywa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace karne ya 19. Alitaka manyoya ya nzi wa samoni wa mtindo wa zamani, nzi ambao wafungaji wengi huwaweka kwenye fremu na hawawatupi majini kamwe. Alikamatwa Novemba 2010, na Aprili iliyofuata akapewa kifungo cha miezi 12 kilichoahirishwa. Manyoya ya kuku na bata yaliyopakwa rangi yangemtosha. Samaki haombi cheti cha asili ya ndege.

Anayeagiza kutoka nje hadi Bujumbura aulize kwanza masharti ya mifugo na forodha, maana homa ya mafua ya ndege imezifanya nchi nyingi kudai cheti cha daktari wa mifugo kwa bidhaa za ndege. Anayenunua mtaani amalizie kazi nyumbani: aoshe manyoya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ayakaushe kivulini, kisha ayafunge ndani ya mfuko na kuyaweka kwenye friza siku kadhaa, ayatoe, halafu ayarudishe tena. Baridi ya mara ya pili ni kwa ajili ya nondo na utitiri walioanguliwa baada ya ile ya kwanza. Mfuko mmoja wenye mayai yao ukiwekwa kabatini na mingine, baada ya miezi michache mwenyewe atakuta nyuti tupu na vumbi.