Redio Haichoti Maji

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Chilangala, wilayani Newala, na kila siku nawahimiza watu wanawe mikono. Nguvu ya uhamasishaji naiamini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wazima takriban milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania. Redio peke yake isingefika mbali. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu. Kipindi kikiisha watu walijadiliana, wakakubaliana, wakashika majembe wakachimba vyoo. Mjadala ule ndio ninaoukosa kwenye mabango ya siku hizi.

Lakini huku juu kwenye uwanda wa Makonde ardhi ni mchanga, mvua inazama, chemchemi ziko mabondeni. Bomba likikauka tunanunua maji kwa dumu. Kiangazi kimoja nilimtembelea bibi mmoja: kibuyu chirizi kinaning'inia kando ya choo, kamba ya kukanyagia iko sawa, kipande cha sabuni kimekauka hadi kupasuka.

“Mwanangu, somo lako nililielewa zamani,” aliniambia. “Maji yaliyobaki ni ya uji wa wajukuu.”

Ningemshawishi nini zaidi? Tangu hapo, kwenye mkutano wa kijiji naanza na mifereji ya bati na matangi ya kuvunia mvua. Kaya zenye tangi sijalazimika kuzikumbusha sabuni.