Watu Arobaini kwa Zimwi Moja

Mtu ametoka kazini, amekula, na sasa amekaa mbele ya kompyuta kutimiza agizo la kuua nguruwe mwitu kumi. Akimaliza ataambiwa akachume mitishamba, kisha ampelekee barua askari aliyeko ng'ambo ya mlima. Kwa vibarua hivi anayelipa ni yeye, kiasi cha dola 15 za Marekani kila mwezi. World of Warcraft, gemu iliyozinduliwa na kampuni ya Blizzard ya California Novemba 2004, ilifikisha wateja milioni 12 wanaolipa mwaka 2010. Asiyecheza ana haki ya kuuliza: wanafuata nini humo?

Jibu la haraka ni kwamba wamenaswa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonyesha, kwa panya na njiwa, kwamba mnyama anayepata chakula kwa kubahatisha huhangaika na kitufe kuliko anayekipata kila akibonyeza. Zimwi linalodondosha upanga adimu leo, na kesho lisidondoshe kitu, linafuata kanuni hiyohiyo. Watengenezaji wanajua pia kucheza na hesabu zetu za moyoni. Wakati wa majaribio ya gemu, aliyecheza saa nyingi mfululizo alipunguziwa pointi za uzoefu, na watu wakanung'unika sana. Blizzard wakageuza maelezo: kiwango cha chini kikaitwa cha kawaida, na aliyepumzika akahesabiwa kuwa amezawadiwa maradufu. Manung'uniko yakaisha.

Lakini ujanja wa aina hiyo umejaa hata kwenye gemu za simu za kupanga peremende, na sidhani kama kuna aliyefunga safari kwenda kumzika mtu waliyejuana kwenye peremende.

Tazama usiku mmoja ndani ya Molten Core, pango la volkano lililokuwa kilele cha gemu katika miezi yake ya mwanzo. Wanaingia watu hadi 40, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mwisho wa pango yupo Ragnaros, bwana wa moto. Mwenye ngao na deraya nzito anasimama mbele yake ili apigwe yeye. Kazi yake ni kumkasirisha asiwaangalie wengine. Waganga wanamtibu bila kupumua, macho yao yameganda kwenye mistari ya uhai ya wenzao kiasi kwamba zimwi lenyewe karibu hawalioni. Waliobaki wanashambulia, ila kwa kiasi. Mchawi mwenye pupa akizidisha makali, zimwi linamgeukia yeye, na baada ya muda mfupi kikosi kizima kiko chini. Dakika 3 zikipita, Ragnaros anazama kwenye lava na kuwaachia wanawe wanane wa moto. Kikosi kinakufa, kinafufuka, kinarudi kwa miguu, kinaanza upya.

Na siku anapoanguka, anaacha vitu vichache tu kwa umati ule. Vyama vya wachezaji vikabuni utaratibu wao: anayehudhuria anajiwekea pointi, akitaka kitu anazitumia, zamu inahamia kwa mwingine. Aliyewahi kucheza upatu ameshaelewa kila kitu, pamoja na hasira anayostahili mtu anayepokea upanga wake Jumatano na kuhama chama Alhamisi. Programu haimlazimishi mtu kurudi wiki inayofuata kuwasaidia wenzake nao wapate. Anarudi kwa sababu anadaiwa, na kwa maoni yangu mvuto wenyewe uko hapo. Ni watu wazima wachache wenye mahali ambapo, wasipotokea saa mbili usiku, shughuli inasimama.

Mats Steen wa Norway alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli, na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kijana wao ameishi mpweke, kutwa kwenye skrini. Walipotangaza msiba kwenye blogu yake, zikaanza kumiminika salamu kutoka nchi kadhaa za Ulaya, za watu waliomjua kwa jina la mhusika wake ndani ya World of Warcraft, Ibelin, mwanamume shupavu mwenye miguu mepesi aliyewasikiliza walipokuwa na shida. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Filamu ya maisha yake ilitoka 2024.

Deni hilo la kurudi kwa wenzako lina uchungu wake pia. Kuzima kompyuta saa saba usiku, wakati watu 39 wanakusubiri, si jambo dogo, na mtihani wa asubuhi hauna mtetezi kikosini. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019. Wachezaji wengi hawafiki huko, lakini wanaofika hawavutwi na upanga peke yake.

Blizzard walijaribu kupunguza mzigo. Zamani, kumpata mganga kulimaanisha kupiga kelele mjini na kubembeleza, na mwenye jina baya hakuitwa na mtu. Desemba 2009 waliweka kitufe kinachokusanya watu watano kutoka seva mbalimbali. Ukawa unaingia pangoni na wageni wanne, mnamaliza bila hata salamu, mnapotezana. Wakongwe wakalalamika kwamba dunia yao imekuwa bubu. Agosti 2019 kampuni ikaifufua gemu ya zamani pamoja na taabu zake, mwendo wa miguu na ufukara wa mwanzo ukiwemo, na watu wakafurika hadi kuingia kwenye seva kukawa ni kungoja kwa saa nyingi. Ndani yake, pale ambapo kila mtu alitakiwa amuue kiumbe mmoja anayeibuka mara kwa mara, wachezaji walijipanga foleni mmoja nyuma ya mwenzake, wakingoja zamu ya kumpiga kiumbe ambaye sheria za gemu zilimruhusu yeyote kumrukia.