Shule ya Daktari Joslin

Mtu mwenye kisukari hukaa na daktari wake dakika chache, kisha hurudi nyumbani kwa wiki kadhaa. Huko ni yeye anayeamua ale nini, achome insulini kiasi gani, avae kiatu gani. Jambo hilo Elliott Joslin alilielewa mapema. Alianza kazi Boston, Marekani, mwaka 1898, na hakuacha kuwatibu wenye kisukari hadi alipofariki mwaka 1962.

Zaidi ya miaka 20 ya mwanzo hakuwa na dawa ya maana. Watoto ambao kongosho lao halitengenezi insulini walipewa mlo wa kubana mno, karibu usio na wanga kabisa. Waliongezewa miezi, pengine mwaka au miwili, wakabaki mifupa na ngozi. Baada ya watafiti wa Toronto kuipata insulini, Joslin alianza kuitumia Agosti 1922, na watoto wale wakanenepa. Ilionekana kana kwamba kazi imekwisha.

Miaka ilivyopita, baadhi ya waliookolewa wakaanza kupofuka, na wengine figo zikawafeli. Joslin alishikilia kwamba sukari inayokaa juu kwa miaka ndiyo inayoharibu mishipa midogo ya damu. Walikuwepo madaktari waliombishia: mgonjwa aachwe ale apendavyo, mradi asikonde na damu yake isijae tindikali. Ushahidi wa kuwanyamazisha hakuwa nao. Alikuwa na rejista zake tu, alimoandika habari za wagonjwa wake mmoja mmoja.

Akajikita katika kufundisha. Mwaka 1918 alikuwa ameshatoa kitabu cha mwongozo kwa daktari na mgonjwa pamoja. Wauguzi wake walikwenda hadi majumbani. Mgonjwa alijifunza kuchemsha mkojo na dawa ya Benedict: ukibaki wa buluu hauna sukari, ukigeuka rangi ya tofali umejaa. Miguu ilikaguliwa kila siku, hadi katikati ya vidole.

Ushahidi aliokosa ulikuja baada ya kifo chake. Mwaka 1993 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kati ya walioidhibiti sukari kwa ukali, hatari ya kuanza kuugua macho ilipungua kwa asilimia 76. Lakini sukari kushuka vibaya, hata mtu kuhitaji msaada, kulitokea karibu mara tatu zaidi.

Mahali ninapoachana na Joslin ni pale alipoifanya sukari kipimo cha tabia njema. Mtazamo huo ungali hai kliniki. Mgonjwa aliyezoea kukaripiwa hujinyima chakula siku mbili kabla ya miadi, na asubuhi hiyo sukari inasoma vizuri. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo, kwa sababu kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban miezi minne. Kikisoma juu, maswali ya kuuliza ni mawili: je, insulini ilimwishia katikati ya mwezi? Au anaruka sindano ya usiku kwa kuogopa sukari isije ikamshukia usingizini?