Kwa Nini Ngazi ya Tenisi Haijafika Kismayu

Machi 2024, mjini Accra, Mkenya Angella Okutoyi alitwaa dhahabu ya tenisi ya wanawake katika Michezo ya Afrika. Ushindi huo ulikuwa tiketi ya Olimpiki ya Paris, ila tiketi yenyewe ilikuwa na sharti: bingwa wa bara lazima awe ndani ya 400 bora wa dunia. Okutoyi hakuwamo. Paris ikaanza Julai bila yeye. Barani hakupatikana wa kumfunga, na bado orodha ikamwacha nje.

Inafaa kuielewa orodha hiyo, maana ndiyo inayoamua nani acheze wapi, na ndiyo inayomtangaza mtu kuwa namba moja wa dunia. Ya wanaume ilianza tarehe 23 Agosti 1973, na wa kwanza kukaa kileleni alikuwa Ilie Nastase wa Romania. Ya wanawake ilifuata tarehe 3 Novemba 1975, Chris Evert wa Marekani akiongoza. Kabla ya hapo waandaaji walialika waliowataka, na jina kubwa au kujuana na mwenye mashindano kuliweza kumpita kijana anayecheza vizuri zaidi. Orodha inayohesabiwa kwa kompyuta ilikuja kuondoa upendeleo huo, na kwa kiasi kikubwa imeuondoa.

Hesabu yake si ngumu. Bingwa wa moja ya mashindano manne makubwa yaitwayo Grand Slam, yaani Wimbledon, Roland Garros, US Open au Australian Open, huvuna alama 2,000. Chini yake kuna mashindano ya alama 1,000, ya 500 na ya 250. Ukiteremka hadi ngazi ya mwisho, kwenye mashindano ambayo zawadi zote kwa jumla ni dola 15,000, bingwa huondoka na alama 15. Kwa hiyo taji moja la Wimbledon lina thamani ya mataji zaidi ya 130 ya huko chini. Na alama hazidumu: zikitimiza wiki 52 hufutika, na mchezaji ambaye hakuvuna nyingine mahali pake huporomoka hata kama mkono wake haujapoteza kitu.

Wengi hudhani kati ya mchezaji wa kileleni na yule wa nafasi ya 300 kuna pengo kubwa la uwezo. Takwimu zinasema vingine. Roger Federer, akihutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dartmouth Juni 2024, aliwaambia kwamba katika mechi 1,526 alizocheza peke yake alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda zilikuwa asilimia 54 tu. Mmoja wa wachezaji bora kuwahi kutokea alipoteza karibu nusu ya pointi zote alizocheza!

Siri imo katika namna tenisi inavyohesabiwa. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, seti hujenga mechi, na kila hatua hukuza tofauti ya hatua iliyotangulia. Chukua mchezaji mwenye uwezekano wa asilimia 55 wa kushinda kila pointi. Uwezekano wake wa kushinda gemu ni asilimia 62. Kushinda seti, karibu 82. Kushinda mechi ya seti mbili kati ya tatu, karibu 91. Ubora mdogo unaingia huku, na upande wa pili unatoka ushindi wa mara tisa kati ya kumi.

Mimi naona ngazi ya dunia nayo hukuza tofauti kwa njia hiyohiyo. Aliye juu huingia moja kwa moja katika mashindano makubwa. Aliye chini hupitia mechi za kufuzu, anachoka, anatumia nauli, na akishinda anapata alama chache. Tofauti ndogo ya nafasi mwezi huu huwa kubwa mwezi ujao.

Ushahidi wa karibu ni mechi iliyochezwa Wimbledon Julai 2022, fainali ya wasichana wawili wawili. Upande mmoja Okutoyi, mwenye miaka 18, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, binti wa wahamiaji kutoka Kongo, ambaye alikuwa bado na miaka 15. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakaingia kwenye hesabu ya kuamua ambapo anayefika 10 kwanza hushinda, mradi amezidi kwa pointi mbili. Walifika 9-9. Wakashinda 11-9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kunyanyua taji la Grand Slam katika ngazi yoyote.

Miaka mitatu baadaye Mboko, aliyeanza 2025 akiwa nje ya 300 bora, alitwaa ubingwa wa Kanada mjini Montreal. Ni mashindano ya alama 1,000. Njiani aliwatoa mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na, katika fainali, Naomi Osaka. Alianza wiki hizo akiwa wa 85 na kumaliza akiwa ndani ya 25 bora. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe na hakuna wa kumpunguzia sifa. Ila mlango aliingilia kwa nafasi maalumu ambazo mwenyeji hugawa kwa wachezaji anaowataka, na Kanada inazo za kugawa kwa sababu Kanada ina mashindano. Kusini mwa Sahara hakuna hata shindano moja la alama 1,000. Okutoyi angepewa nafasi hiyo na nani?

Ili kumwona aliye mbali zaidi na mlango huo, tusogee sasa kaskazini mwa pwani ya Kenya, tuvuke Lamu na Kiwayu hadi ng'ambo ya mpaka wa Somalia, ambako visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na pwani kuelekea Kismayu: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama. Kismayu uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta. Vita vilivyoanza 1991 viliwasukuma Wabajuni wengi hadi Mombasa, na wengine hadi Uingereza. Waliobaki wanaishi kwa bahari.

Kwa upande wa mwili, mtoto wa huko haanzi nyuma. Katika joto la pwani lenye unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mgeni huzidiwa haraka. Akikaa na kujizoeza kwa takriban wiki mbili, maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Wachezaji wa nchi za baridi hulipa fedha nyingi kwenda kambi za joto kutafuta mabadiliko hayo kabla ya Australian Open, ambayo tangu 2019 ina kipimo chake cha kusimamisha mechi joto likizidi. Kijana wa Koyama anayo mwaka mzima.

Hata kuanzisha mpira, pigo ambalo wengi hudhani ni la mkono, huanzia miguuni. Ni kama kutupa kimia: nyayo husukuma ardhi, kiuno huzunguka, bega hufuata, mkono huja mwisho na nguvu iliyokwisha kukusanywa na mwili mzima.

Na upepo na hewa je? Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira hupaa. Kanuni za tenisi zimeruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kismayu, usawa wa bahari, hewa ni nzito zaidi na mpira hupunguza kasi mapema. Hewa yenye unyevu, tofauti na wengi wanavyoamini, ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto hilohilo, kwa kuwa chembe ya mvuke ina uzito mdogo kuliko za naitrojeni na oksijeni. Lakini manyoya ya mpira hunyonya unyevu, mpira huwa mzito, na pointi hurefuka. Ongeza kusi linalovuma miezi kadhaa mfululizo, na unapata mchezaji anayelazimika kusogeza miguu hadi pigo la mwisho.

Kinachokosekana hakizaliwi na pwani wala na mwili. Mpira unaoanzishwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa humfikia mpokeaji kwa takriban nusu sekunde, na macho na ubongo hutumia karibu moja ya tano ya sekunde kabla mguu haujaanza kutii. Bingwa hasubiri kuuona mpira ukija. Husoma bega la mpinzani na jinsi alivyourusha mpira juu, akaanza kusogea mapema. Usomaji huo huingia kwa kupokea maelfu ya mipira kutoka kwa wapinzani wa kila aina. Hakuna kipaji kinachoufanya peke yake ufukweni, hata kiwe kikubwa namna gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tunangoja azaliwe nyota. Hadi leo hakuna Mwafrika aliyeongoza orodha ya mchezaji mmoja mmoja. Ons Jabeur wa Tunisia alifika nafasi ya pili Juni 2022. Cara Black wa Zimbabwe aliwahi kuwa namba moja kwa wanawake wawili wawili, naye alikua katika nyumba yenye baba mwalimu wa tenisi na viwanja vya nyasi uani.

Vyama vya tenisi vya Kenya, Tanzania na Somalia vina uwezo wa kukaa pamoja na kupanga mfululizo wa mashindano madogo ya alama 15, wiki baada ya wiki, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ili kijana wa pwani acheze matatu kwa nauli ya basi na boti. Kismayu kwanza ujengewe uwanja mmoja mgumu wenye wavu na taa, watoto wa visiwani wakaribishwe, na nafasi maalumu za mashindano hayo wapewe wao.