Mashine nne, ankara moja: hesabu ya matengenezo inayosumbua karakana za Lubumbashi

Lubumbashi. Mafundi watatu wanatoka mjini asubuhi kwenda mgodini. Kwa safari hiyo moja wanahudumia mashine nne, wanarudi jioni, na kesho yake inaandikwa ankara moja ya dola 4,000. Kwa mafundi kazi imekwisha. Kwa mhasibu ndiyo kwanza inaanza: kila mashine iandikiwe kiasi gani?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lenyewe ni la kila siku katika jiji ambalo limeishi kwa mashine tangu tanuru lake la shaba lilipowashwa mwaka 1911. Jibu lake huamua lori lipi litengenezwe na lipi liuzwe. Huamua pia kodi ya mwaka huu itakuwa kiasi gani na mshirika katika mgodi atapata gawio gani.

Migodi mikubwa pamoja na makampuni yanayoihudumia sasa huandika matengenezo kwenye programu za kompyuta. Kila mashine hupewa namba yake. Kila kazi hufunguliwa hati, ile ambayo katika ofisi za Lubumbashi huitwa kwa Kifaransa bon de travail. Ndani ya hati hiyo huandikwa saa za mafundi, vipuri vilivyotoka stoo, mafuta ya gari na malipo ya kreni iliyokodiwa. Hati ikihusu mashine moja hakuna tatizo, kwa kuwa gharama yote huenda kwenye namba ya mashine hiyo. Tatizo huanza pale hati moja inapobeba mashine kadhaa.

Kugawa sawa kwa sawa

Njia ya haraka ni kugawa sawa. Dola 4,000 kwa mashine nne ni dola 1,000 kila moja. Programu nyingi hukubali hesabu hiyo bila kulalamika, maana zinachoangalia ni kwamba asilimia za mgao zimetimia 100.

Tuseme mashine hizo ni malori mawili, A na B, pamoja na katapila la kuchimbia na jenereta. Vipuri vilivyotumika vinajulikana: lori A dola 300, lori B dola 1,700, katapila dola 600 na jenereta dola 200. Jumla ni dola 2,800. Fedha hizi hazihitaji kugawanywa kwa kukisia, kwa sababu kila kipuri kilifungwa kwenye mashine yake.

Zinabaki dola 1,200, yaani 800 za kazi ya mafundi na 400 za gari. Mafundi walitumia saa 16 kwa jumla: saa 2 kwa lori A, 9 kwa lori B, 4 kwa katapila na 1 kwa jenereta. Kwa dola 50 kwa saa, lori A linabeba 100, lori B 450, katapila 200 na jenereta 50. Safari ya gari ndiyo pekee isiyo na mwenyewe, kwa kuwa ilifanyika kwa ajili ya mashine zote. Hiyo inaweza kugawanywa sawa, dola 100 kwa kila mashine.

Matokeo yanabadilika kabisa. Lori A limekula dola 500, lori B dola 2,250, katapila dola 900 na jenereta dola 350. Jumla ni ileile, dola 4,000, lakini zaidi ya nusu yake imemezwa na lori moja.

Kazi kama hiyo ikirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima, mgao wa sawa utaonyesha kwamba kila lori limegharimu dola 12,000. Ukweli ni kwamba A limegharimu 6,000 na B 27,000. Meneja anayesoma taarifa ya kwanza ataona malori mawili yanayofanana. Akitakiwa kupunguza gharama, anaweza kuuza lile zima na kubaki na lile bovu.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni fupi. Kwanza andika moja kwa moja kila kinachojulikana ni cha mashine ipi. Kinachobaki ndicho kigawanywe, tena kwa kigezo kinachofanana na chanzo cha gharama: saa za fundi kwa kazi ya mikono, kilomita kwa matairi ya akiba, saa za injini kwa oili ya pipa.

Programu haijui, fundi ndiye anayejua

Kompyuta haiwezi kujua kwamba lori B lilichukua saa tisa. Anayejua ni fundi aliyelala chini yake. Hapo ndipo taarifa nyingi huharibikia.

Katika karakana za Lubumbashi kazi huzungumzwa kwa Kiswahili, ilhali hati na skrini za ofisini huwa kwa Kifaransa na, katika baadhi ya makampuni ya nje, Kiingereza. Fundi akieleza kwa mdomo mwisho wa zamu na karani akaandika kwa lugha nyingine, kila hatua ni nafasi ya kupoteza kitu. Saa tisa na saa mbili hugeuka kuwa "siku moja ya kazi", na jina la kifaa kilichoharibika hugeuka kuwa "matengenezo ya jumla".

Kichaka kingine ni akaunti ya jumla ya karakana. Karani asiyejua aandike wapi hutupa gharama huko. Baada ya miezi michache akaunti hiyo huwa ndiyo "mashine" ghali kuliko zote mgodini, ingawa haina hata gurudumu moja.

Dawa yake haihitaji programu mpya. Hati kubwa hugawanywa kuwa kazi ndogo kabla mafundi hawajaondoka, kila kazi na namba ya mashine yake. Fundi anaandika saa ya kuanza na ya kumaliza papo hapo. Stoo haitoi kipuri bila namba ya mashine kinakokwenda.

Kodi na gawio

Hesabu hii haiishii karakana. Kongo iliingia katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA mwaka 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2018 makampuni yanafuata mfumo wa uhasibu wa jumuiya hiyo uliofanyiwa marekebisho. Mfumo huo unataka mali kubwa itazamwe kwa sehemu zake pale sehemu hizo zinapochakaa kwa kasi tofauti. Injini ya lori inaweza kuhesabiwa peke yake, mbali na bodi. Ikibadilishwa, injini mpya huingia kwenye vitabu kama mali, na gharama yake husambazwa kwa miaka ya matumizi yake. Kumwaga oili na kubadilisha chujio hubaki kuwa gharama za mwaka huohuo.

Tofauti ni kubwa. Injini ya dola 200,000 ikiandikwa yote kama matengenezo ya kawaida, faida ya mwaka huo inashuka kwa dola 200,000. Ikiandikwa kama mali ya miaka mitano, inashuka kwa dola 40,000 tu. Katika sekta ya madini kodi ya faida ni asilimia 30, hivyo kwa hesabu rahisi uamuzi huo unasogeza dola 48,000 za kodi katika mwaka wa kwanza. Serikali itazipata katika miaka inayofuata, lakini bajeti ya mwaka huu haiwezi kutumia fedha za mwaka wa tano.

Mrabaha hauguswi na hesabu hii. Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa Machi 2018, mrabaha hukokotolewa kwenye thamani ghafi ya madini yanayouzwa, bila kutoa gharama. Gawio ni jambo jingine, kwa sababu hutolewa baada ya gharama kukatwa. Kwa Gécamines, kampuni ya serikali yenye makao yake Lubumbashi na hisa ndogo katika migodi mingi, kama asilimia 20 ya Tenke Fungurume huko Lualaba, kila mstari wa gharama unamhusu mbia anayesubiri mwisho wa foleni.

Makampuni madogo ya wazawa nayo yamo. Sheria ya Februari 2017 imeweka kazi za ukandarasi mdogo mikononi mwa makampuni ambayo Wakongomani wana hisa nyingi zaidi. Mkandarasi wa matengenezo anayeleta ankara ya jumla bila mchanganuo anampa mteja sababu ya kuirudisha. Anayeonyesha mashine, saa na kipuri kwa kila mstari hupunguza maswali, na fedha zake hazikai mezani kwa mtu kwa miezi.

Mitambo 6 ya Mwadingusha

Jimbo la Haut-Katanga lina mfano mkubwa zaidi wa gharama za matengenezo zilizohitaji kugawanywa. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilijengwa enzi za Union Minière na kuanza kazi karibu mwaka 1930. Mitambo yake ilichakaa, na shirika la umeme la taifa, SNEL, halikuwa na fedha za kuifufua.

Waliotoa fedha ni wabia wa mgodi wa Kamoa-Kakula, Ivanhoe na Zijin, waliohitaji umeme. Mitambo 6 mipya ya megawati 13 kila mmoja ilifungwa, jumla megawati 78, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Fedha hizo ni mkopo kwa SNEL, na mgodi unalipwa kwa kukatwa sehemu ya bili zake za umeme.

Kwa lugha ya karakana, hiyo ni hati moja ya kazi yenye wanufaika wengi: mgodi unaopata umeme, SNEL inayobaki na mitambo, na gridi inayotumiwa na wengine. Mgao uliandikwa kabla ya kazi kuanza, na kila upande ulijua utalipa kwa njia gani. Kinachofuata ni cha miaka mingi zaidi, yaani kuandika gharama za kila mtambo peke yake, ili ule unaoanza kula fedha uonekane mapema kabla haujasimama.

Katanga inajua bei ya kuchelewa

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa mwaka ulikuwa chini ya tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, za siasa na za fedha, lakini mojawapo ilionekana katika kila karakana: fedha za vipuri na matengenezo zilikwenda kwingine. Mwaka 2003 wafanyakazi takriban 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari.

Hesabu nzuri peke yake isingeiokoa Gécamines. Lakini mahali ambapo gharama ya kila mashine inajulikana, ni vigumu zaidi kwa mtu kukata bajeti ya vipuri na kusema hakuna kitakachoharibika.

Bila kompyuta pia inawezekana

Mwenye mabasi matatu ya abiria kati ya katikati ya jiji na Katuba, Kenya au Ruashi hahitaji programu ya bei ghali. Anahitaji daftari lenye safu sita: tarehe, namba ya gari, kazi iliyofanyika, kipuri na bei yake, saa za fundi, na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Pipa la oili linalotumika kwa magari yote linapimwa kwa lita zinazoingia kila gari. Ushuru wa eneo la kuegesha na mshahara wa mlinzi vinagawanywa sawa, kwa sababu havitegemei gari lipi ni bovu.

Mwisho wa mwezi anajumlisha kila gari peke yake na kugawanya kwa kilomita. Gari ambalo kilomita yake moja inagharimu mara mbili ya wenzake litajulikana katika mwezi wa pili au wa tatu, kabla halijamaliza mapato ya yale mengine mawili.