Uzito wa Risasi Si Hoja Pekee

Mwanafunzi apitaye Chiromo huenda asijue kwamba mahali hapo palikuwa makazi ya Northrup McMillan, ambaye maktaba ya mtaa wa Banda yaitwa kwa jina lake. McMillan alikuwa mmoja wa wenyeji wa Theodore Roosevelt katika msafara wa uwindaji wa mwaka 1909.

Roosevelt aliisifu mno Winchester 405, bunduki ya wenzo, kwa kuulia simba. Lakini kwa ndovu alishika Holland. Kwa nini, ilhali kasi za risasi zao zilikaribiana? Risasi ya Winchester ilikuwa na gramu 19 na unene wa milimita 10.4; ya Holland gramu 31 na milimita 11.6. Gawanya uzito kwa eneo la duara: kila milimita mraba ya Holland ilisukumwa na uzito uliozidi kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana ilizama ndani zaidi.

Basi ajijaziaye risasi na atie nzito zaidi? Risasi nzito ni ndefu. Hula nafasi ya baruti gandani, na kasi hupungua.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hesabu hii, walimu wa fizikia, yahitaji chaki tu. Mbona hatuifundishi?