Kujifunza Kiajemi kwa Pesa Kidogo: Cha Kulipia na cha Kuacha

Anayetaka kuanza Kiajemi, au Kifarsi kama wengine wanavyokiita, atauziwa vitu vitatu: programu ya simu, kitabu, na saa za mwalimu. Kabla hujatoa hata shilingi, pima ulicho nacho tayari.

Kama ulipita madrasa, herufi unazijua. Kiajemi kina herufi 32, na ngeni kwako ni nne tu, za sauti p, ch, zh na g. Kozi ya herufi inayouzwa peke yake iache hukohuko. Maneno kama ketab, safar, donya, sabun na bandar nayo hayahitaji mwalimu. Hata sarufi ina nafuu: hakuna majina ya kike na ya kiume, na sifa hufuata jina kama kwetu, ketab-e bozorg, kitabu kikubwa. Kazi iko kwenye kitenzi, ambacho hukaa mwisho wa sentensi, na kwenye irabu fupi, ambazo kwa kawaida haziandikwi. Bila kumsikia mtu akitamka, utasoma kwa kubahatisha. Kwa hiyo unacholipia hasa ni sauti.

Programu za simu nyingi hutoza kama dola 7 hadi 15 kwa mwezi. Soma maandishi madogo: mara nyingi ile bei ya chini ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Jaribio la bure hudai kadi kwanza, na ukisahau kujitoa, unakatwa. Juu yake weka VAT, kwa mfano 16% Kenya, makato ya benki ya kubadili fedha, na bando. Siku unayoacha kulipa, masomo yanafungwa.

Kitabu hulipiwa mara moja, hukaa miaka, na ukimaliza unamuuzia mwingine. Ugumu ni kukipata. Utaagiza nje, na gharama ya kukisafirisha inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Vya zamani huja na CD, na kompyuta za siku hizi nyingi hazina pa kuichomeka. Uliza kama sauti inapakuliwa. Kilichoandikwa herufi za Kilatini mwanzo hadi mwisho usikichukue hata kwa bei ya kutupa, kwani hutaweza kusoma kibao cha dukani. Tazama pia kama kinafundisha mazungumzo: mkate huandikwa nan, lakini mtu wa Tehran atakwambia nun. Na hakikisha ni Kiajemi cha Iran. Kitajiki ni ndugu yake wa karibu, ila huandikwa kwa herufi za Kirusi.

Vya bure vipo, na si vya hovyo. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeweka mtandaoni masomo ya mwanzo bila malipo. Ulizia pia vitengo vya utamaduni vya balozi za Iran, Dar es Salaam na Nairobi, kama kuna darasa, na kama vitabu na cheti vinalipiwa. Unayekwenda kusoma Qom, Iran, kwa ufadhili, uliza kwanza kama kozi ya lugha imo. Usije ukainunua mara mbili.

Mwalimu wa mtandaoni ndiye ghali, kama dola 8 hadi 20 kwa saa, lakini ndiye pekee atakayekurekebisha matamshi. Kadi za Visa na Mastercard hazifanyi kazi ndani ya Iran, hivyo wengi utakaowapata kwenye majukwaa ya kawaida wanaishi nje, na bei yao hufuata maisha ya huko. Vifurushi vya saa 20 vina punguzo, ila vingine vina tarehe ya kuisha. Nunua saa moja moja.

Anayekuahidi ufasaha kwa siku 30 anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani huhesabu wiki 44, kama saa 1,100 za darasa, kwa anayetoka kwenye Kiingereza.

Ukiwa na dola 50, tumia vya bure miezi miwili ya mwanzo, kisha lipia saa nne za mwalimu wa bei nafuu, moja kila wiki. Kikibaki kitu, nunua kitabu kilichotumika chenye sauti za kupakua. Programu ya kulipia mwaka mzima, achana nayo.